Baba Alipokuwa Dairekta

Walisema mtoto wa mtaa wa Baba Dogo hawezi kuwa dairekta wa filamu. Akijitahidi sana, atakata tiketi mlangoni pa ukumbi wa video. Mlango waliousema naujua kwa harufu yake: jasho la watoto chini ya mabati yenye joto, moshi wa jenereta, karanga za kukaanga, na sabuni iliyopikwa katika kiwanda cha jirani. Leo nina diploma ya uongozaji wa filamu niliyoipata ng'ambo. Nimeitundika sebuleni katika fremu niliyoichagua mwenyewe, na mgeni asipoiona namwonyesha. Sijivuni bure, nimeifanyia kazi. Hata hivyo, nikiulizwa kwenye mahojiano ni madairekta gani bora walioibuka katika muongo wa utoto wangu, uso hunichoma. Huyataja majina makubwa ya vitabuni, watu hutikisa vichwa kwa heshima, nami hunyamazia jibu lililonijia kwanza.

Kwetu, dairekta hakuwa mtu wa kamera. Alikuwa mtu aliyesimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akitueleza kwa lugha yetu yale yaliyosemwa kwenye filamu. Kosa hilo lilikuwa na sababu. Katika kila filamu neno dairekta, kwa Kiingereza, liliandikwa kwenye kioo mwisho kabisa kabla hadithi haijaanza, na papo hapo mtu wetu alisafisha koo. Tuliamini ni yeye anayetambulishwa. Tulibishana hadi kusukumana kuhusu nani bora, na walioibuka miaka ile mtaani kwetu walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mutua, dereva wa lori, ambaye hakuelewa hata sentensi moja ya filamu zile na hakujali. Alibuni yote kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, akawapa majambazi majina ya makeateka waliotusumbua kwa kodi za nyumba, na ukumbi ukalia kwa kicheko. Wa pili alikuwa baba yangu.

Baba alikuwa karani wa ghala kule Industrial Area na mzee wa kanisa. Alitafsiri yaliyosemwa kweli, kwa Kiswahili cha Biblia. Jambazi akichomoa bastola, Baba alisema taratibu, "Amin nakuambia, kesho hutaiona." Watu wakianza kubusiana, alifunika kioo kwa koti lake na kutuagiza tusalimiane na majirani. Wenzangu walinigonga kiwiko. "Reuben, buda yako ameleta kanisa tena." Mimi nilijifanya natafuta karanga iliyoanguka.

Likizo ya Agosti, Mama Kioko mwenye ukumbi alisema anataka dairekta mmoja tu. Jumamosi ya mwisho Mutua angesema nusu ya kwanza ya filamu, Baba nusu ya pili, na watu wangechagua. Mama yangu alimwomba Baba amwachie Mutua, kwa kuwa Baba tayari alikuwa na kazi yake ya ukarani. "Kazini nahesabu magunia," Baba alimjibu, akikoroga chai iliyokwisha kupoa. "Pale, nikisema, watu husikiliza." Kisha akanigeukia na kuniomba nimfundishe lugha ya vijana. Nilivimba kichwa. Wiki nzima alirudia maneno yangu akipaka viatu rangi, akiyapangia sarufi kama kwamba ataulizwa mtihani: "Masanse wamefika. Sanse huyu ni mwema." Sanse ni askari, nilimwambia. Ndivyo tulivyosema Makadara, mtaa tuliotoka si zamani kuja Baba Dogo.

Siku ilipofika Mutua aliwavunja watu mbavu, kisha akampa Baba kipaza sauti. Nusu ya pili ilikuwa ya huzuni: askari mzuri alipigwa risasi, akawa anakata roho mikononi mwa ndugu yake. Baba alisimama wima katika koti lake la kanisani. "Niaje, enyi wahuni," alisema. "Sanse anakufa."

"Mzee Wanjala, sanse ni nani?" kijana mmoja aliuliza kutoka nyuma.

"Ni askari, mwanangu."

"Hapa ni karao. Hiyo ni Sheng ya zamani, ya guka, babu yangu."

Ukumbi ulipasuka. Kila Baba alipolitamka neno lile walilipokea kwa pamoja, wakapiga miguu, na yule askari akafa katikati ya vicheko. Baba alinitafuta kwa macho. Niliinamisha kichwa katikati ya magoti. Alimrudishia Mutua kipaza sauti, akamwambia, "Endelea, ndugu yangu," lakini hakutoka. Alisimama ukutani hadi filamu ikaisha, akampigia makofi. Njiani nilimfuata kwa mbali, ili watu wasituone pamoja. Alisimama akaningoja. "Neno lilikuwa zuri," aliniambia. "Mimi ndiye niliyelitamka vibaya." Hajawahi kushika kipaza sauti tena, hata kanisani.

Ukumbi ule sasa ni bohari ya magodoro. Watoto wa mtaa hutazama filamu kwenye simu, kila mmoja peke yake, na maandishi hupita chini ya picha bila mtu wa kuyatamka. Mwaka huu nilimletea Baba filamu yangu ya kwanza niliyoipiga nyumbani. Nilikuwa nimewalipa vijana wanirekebishie Sheng kila ukurasa, kwa hiyo hakuna atakayeicheka. Nilimketisha mbele ya televisheni niliyomnunulia, kubwa kuliko zote dukani, nikazima sauti, nikamwambia, "Baba, tutafsirie."

Alitazama midomo ikicheza. "Hawa wanasema Kiswahili?"

"Ndiyo, Baba. Chetu cha hapa."

"Basi hawanihitaji," alisema, bila uchungu wowote. Akaichukua rimoti mkononi mwangu na kuipandisha sauti mpaka mwisho.