Mwisho Aliosimuliwa Dada Suma

Usiku ule nililala na hasira, na wala haikuwa hasira mpya. Mimi si mtu wa ndoto, niseme mapema. Nikila maharage jioni naota nakimbizwa na ng'ombe, asubuhi nimeshasahau. Lakini hii imekataa kunitoka, kwa hiyo naisimulia kama ilivyokuja.

Kwanza mjue tulikuwa nani. Hapa Iringa tulikuwa watatu: mimi, Dada Suma aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu, na Kaka Idi, fundi redio. Kila Jumamosi tulikaa sebuleni kwa Dada Suma, chai ya tangawizi na viazi vya kuchemsha mezani, kila mtu anatoa maoni yake juu ya kitabu tunachosoma. Nakala ilikuwa moja tu, inazunguka. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja kali: aliyetangulia kumaliza hasemi mwisho. Akisema, faini kilo ya sukari, na kununiwa juu.

Kitabu chetu cha mwisho kilikuwa riwaya ya mama anayemtafuta mwanawe aliyepotea mnadani. Nilikisoma mimi wa kwanza, akafuata Idi. Yule mama alinichosha, nikasema wazi: "Anazunguka tu, si aende polisi?" Idi akalalamika kwamba mwandishi anapenda kurefusha mambo, sura nzima mvua inanyesha. Dada Suma, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza, alicheka mpaka akavua miwani. "Nyie hamna huruma," akasema. "Mimi nampenda kwa sababu haoni haya kuuliza." Tulijua kwa nini anampenda. Mwanawe mwenyewe, Festo, alikwenda Afrika Kusini kutafuta kazi, simu zikawa za nadra, kisha zikakatika kabisa.

Akaugua kabla hajafika katikati. Alipolazwa, mikono ilikuwa haiwezi tena kushika kitabu, Idi akawa anakwenda kumsomea. Siku moja naingia wodini na chupa ya uji, namsikia Dada Suma akisema kwa sauti ndogo, "Kumbe ndivyo kinavyoisha." Na kitabu kiko kitandani, nakiona kwa macho yangu, alama imewekwa katikati bado. Idi alikuwa ameruka kurasa zote zile akamwambia mwisho.

Nilimvuta nje kwenye korido. Kwetu sisi, kumpa mgonjwa mwisho wa kitabu ni kumwambia kwamba hatafika huko mwenyewe. Nikamwambia, "Umemzika mwenzio angali hai." Aliangalia viatu vyake tu. Dada Suma alifariki wiki ile ile, na tangu msibani mimi na Idi tukawa hatusemeshani. Jumamosi zikawa ndefu ajabu. Nasoma peke yangu, nafika mahali patamu, nainua kichwa niseme, "Jamani, mmemwona huyu mtu?" na ndani kwangu hakuna hata paka. Binti yangu Neema yuko Dar es Salaam, na yeye vitabu wala havimhusu. Upweke ule ulikuwa unaniuma, sifichi.

Basi nikaota. Nilikuwa jikoni kwangu, mchana, naosha kikombe. Nilipogeuka kuchukua kitambaa, jiko halikuwepo. Nilikuwa sebuleni kwa Dada Suma, naye amekaa kwenye kochi lake, kavaa sweta la kijani, miwani imefungwa uzi mweusi pale ilipovunjika. Nilijua amekufa. Sikuogopa hata kidogo. Kilichonitia aibu ni kwamba nimekuja mikono mitupu.

Anamimina chai. Vikombe vitatu. Kimoja anakisukuma upande ule anapokaaga Idi.

"Idi yuko wapi?"

"Mimi na yule mtu basi," namjibu.

Haniulizi kwa nini. Ananyanyuka, ananishika mkono, na mkono wake una joto. Tunatoka mlangoni, lakini nje si mtaani kwake. Ni ukumbi mrefu kama ile wodi, ila vitanda hamna, kuna viti tu, na kila kiti kina mtu anasoma. Wazee, vijana, mama mwenye mtoto mgongoni. Kurasa zinafunguliwa na hakuna sauti, hata ya karatasi. Mzee mmoja anatabasamu kwa kitu alichokisoma. Anainua kichwa, anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha anainama tena. Sikuwa namfahamu yule mzee, lakini nilijua anachokitafuta, na roho iliniuma kama vile ni baba yangu.

"Huku tunasoma sana, Mama Neema," Dada Suma anasema. "Wa kumwambia ndiye hayupo."

Nikaanza kulia. Na mimi nikilia hasira hupanda, ndivyo nilivyoumbwa. "Idi alikukosea! Alikwambia mwisho!"

"Nilimwomba."

"Sheria ni sheria, dada!"

Anacheka. Anakaa kwenye kiti kimoja kitupu, mimi najikuta nimekaa sakafuni karibu na magoti yake, na bila kuombwa anaanza kunisimulia ule mwisho, polepole, kama mtu anayemumunya pipi asitake iishe. Yule mama anafika mji wa mbali, miguu imevimba. Anaingia hotelini kuomba maji ya kunywa. Kijana anayemletea glasi anasimama hapo hapo, haondoki. Anamwambia, "Mama, mbona umechelewa hivyo?" Watu wote hotelini wanaacha kula.

Namsikiliza na mwili unanisisimka, maana hicho si kitabu nilichokisoma mimi. Kwenye kitabu, yule mama hampati mtoto. Ukurasa wa mwisho anakaa juu ya gogo kando ya barabara, anavua viatu, hadithi imeishia hapo. Hakuna hoteli, hakuna kijana wa maji. Nafungua mdomo nimsahihishe, si mnanijua kwa ubishi. Namwangalia usoni. Uso wake umejaa furaha ambayo sikuiona hata siku zile alipokuwa mzima. Nafunga mdomo.

"Kizuri, eeh?" ananiuliza.

"Kizuri, dada."

"Mwambie Idi nilifurahi."

Nikamwomba nibaki. Nilimwambia kabisa kwamba kule kwangu hakuna kitu, nitasoma hapo hapo miguuni pake, sitasumbua mtu. Akanisukuma begani, na wala si kwa upole. "Toka hapa. Wewe bado una mtu, umemnunia."

Niliamka mto umelowa, dirishani kumeshapambazuka. Simu sikupiga. Idi angeikata, na mimi ningekuwa yeye ningeikata vilevile. Nilijifunga kitenge juu ya sweta nikaenda kibandani kwake, nikamkuta ameshafungua, ameinamia redio ya mtu. Aliponiona, bisibisi ilimponyoka.

"Karibu, Mama Neema."

Sikukaa. "Dada Suma ulimwambia mwisho gani?"

Aliinama akaokota bisibisi. "Si ule wa kitabu," akasema. "Nilimtungia. Nikamwambia yule mama anaingia hotelini kuomba maji..."

"Na kijana anayemletea ndiye mwanawe."

Idi alinikodolea macho. "Nani kakwambia? Tulikuwa wawili tu."

"Mwenyewe," nikasema, nikakaa kwenye benchi la wateja.

Alinieleza yote. Siku ile Dada Suma alimwuliza, "Idi, hivi anampata?" Na huku anaangalia mlango wa wodi. Kila mlango ulipofunguliwa aliangalia, akaona ni muuguzi, au ni mgeni wa kitanda cha pili, akarudisha uso ukutani. "Ningemwambia anakaa kwenye gogo?" Idi akaniuliza. "Mama Neema, ungeweza wewe?"

"Mbona hukuniambia pale koridoni? Nimekutukana, umenyamaza!"

"Wewe nakujua," akasema. "Ungerudi ndani ukamsahihisha."

Nilitaka kubisha. Lakini ni kweli, ningerudi, tena mbio, na uji wangu mkononi. Nililia mbele ya wateja wawili walioleta simu zao, sikujali. Idi naye alikuwa anafuta macho kwa mkono mchafu, anajipaka grisi usoni.

"Sijui kama aliniamini," akasema. "Ndicho kinachonikosesha usingizi mpaka leo. Labda alijua namdanganya, akaona aniridhishe tu."

"Alifurahi, Kaka Idi," nikamwambia. "Amenituma nikwambie. Alifurahi."