Kebo ya Kufanya Kila Kitu

Mume wangu ni mtu wa utafiti. Akitaka viatu, atakaa wiki nzima akitazama video za wageni wanaovikunja, wanaovitia majini na kuruka navyo juu ya mawe, kisha ataenda sokoni Migori na kununua jozi nyingine kabisa kwa sababu muuzaji amemwita mhandisi. Si mhandisi. Anasimamia stoo ya duka la vifaa vya ujenzi. Lakini hutembea na kalamu mbili mfukoni, na katika mji wetu hiyo inatosha.

Kwa utafiti huohuo tulipata televisheni ambayo si televisheni. Ofisi fulani ilikuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani, naye akarudi nyumbani amekumbatia skrini ya kompyuta pana kama mlango wa kabati. Tuliiweka sebuleni. Haikushika stesheni hata moja.

"Mambo ya stesheni yameisha," aliniambia. "Siku hizi ni simu na skrini. Unahitaji kebo moja tu. Inapeleka picha, inahamisha data, inachaji simu, yote kwa mara moja."

"Na kebo iko wapi?"

"Naifanyia utafiti."

Nikawa naipangusa vumbi kila asubuhi.

Mama mkwe alikuja kukaa nasi wakati paa la nyumba yake Karungu lilipokuwa likibadilishwa. Wanawe wawili walikuwa wamepanga vizuri: kwanza angekaa kwetu Migori, halafu angeenda Homa Bay kwa shemeji yangu mdogo, na kufika hapo fundi angekuwa amemaliza. Majirani walinipa pole kabla hata hajafungua begi. Mimi ni Mkuria niliyeolewa Ujaluoni, na inaeleweka na wote kwamba mke wa namna hiyo akikaa nyumba moja na mama mkwe lazima sufuria ziruke. Ukweli ni kwamba tulipatana bila fujo. Tulizungumza Kiswahili, lugha ambayo si ya mama kwa yeyote kati yetu, na mtu akigombana kwa lugha ya kuazima huchoka mapema. Aliniita nyar Kuria, binti wa Ukuria, na alikuwa na tabia moja tu mbaya: kuamka kabla ya jogoo na kuimba nyimbo za Sabato zote, beti zote, bila kuruka hata moja.

Kilichotuletea shida ya kebo ni harusi. Binti yake wa mwisho alikuwa ameolewa Mbita muda mfupi kabla ya hapo. Mama alikaa kiti cha mbele, kama inavyostahili, na mbele ya kiti hicho akasimama mpiga picha tangu sala ya kufungua hadi keki.

"Nilienda harusi ya mtoto wangu," alikuwa akisema, "nikaona mgongo wa mwanaume nisiyemjua."

Kwa bahati, mume wangu alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu yake mpya. Aliirekodi kwa ubora wa juu kabisa, ubora ambao simu yenyewe ilimshauri asiutumie. Video ilikuwa safi mno hata ikashindikana kumtumia mtu yeyote. Simu ilijaa, ikagoma kupiga hata picha ya risiti. Na macho ya mama hayakuweza kufuata watu wadogo kama sisimizi kwenye kioo cha simu.

"Wuoda," alimwambia, yaani mwanangu, "hiyo ukuta nyeusi mmeweka hapa ni ya nini?"

Hapo utafiti ukalazimika kufikia mwisho.

Kebo ya kwanza aliinunua karibu na stendi. Ilichaji simu vizuri sana. Haikufanya kitu kingine chochote, kwa maana ndani yake, tulikuja kuambiwa, hamkuwa na nyaya nyingine za kufanya kitu kingine. Kebo ya pili ilihamisha video kwenda kwenye kompyuta ndogo aliyoazima stoo, kwa mwendo wa kobe mwenye msiba. Ilianza tukila mihogo ya asubuhi, na chakula cha mchana kilipoiva ilikuwa bado inahangaika na sala ya kufungua. Kwenye skrini haikuleta hata kivuli. Ya tatu ndiyo iliyokuwa fahari yake. Ilikuwa ndefu, imesukwa kwa uzi kama nywele za bibi harusi, na kwenye kasha pameandikwa wati mia mbili na arobaini.

"Hii ni mwisho," alisema. "Nambari kubwa kuliko zote dukani."

Aliichomeka upande huu na upande ule. Simu ikaanza kuchaji kwa kasi ya ajabu. Skrini ikabaki nyeusi. Mama, aliyekuwa amevaa miwani na kujifunga leso vizuri kwa ajili ya harusi, aliitazama kwa subira, akauliza kama hapo ndipo mpiga picha amesimama.

Kesho yake nilichukua simu ya mume wangu, nikabeba na skrini yenyewe, kidude kikubwa, nimekifunga kwa shuka, nikaenda nacho duka la vifaa vya simu. Watu waliniangalia kama mtu aliyeiba. Nilimwambia mwenye duka sitaki kusoma kasha lolote. Achomeke, nione.

"Madam, zote ni original," alisema.

"Sawa. Chomeka hizo original moja moja."

Alichomeka. Zilikuwa zimefanana kama watoto wa bata, zote na kile kichwa kidogo kinachoingia upande wowote. Huku akichomeka na kuchomoa alinieleza kwamba wati ni nguvu ya kuchaji tu, na picha ni habari nyingine. Kebo ya picha na data ya kasi ni nene, na mara nyingi ni fupi, kwa sababu kasi hiyo hupotea njiani waya ukiwa mrefu. Ile iliyowasha skrini ilikuwa nene, nyeusi, haina urembo wowote, na urefu wake haukuzidi mkono wangu. Nikaona simu yote imejitokeza kwenye skrini, mpaka picha ya mume wangu akiwa na kalamu zake.

"Ni fupi hivyo?" mume wangu aliuliza nilipofika nyumbani. Alichukia. Alikuwa ameota kukaa kwenye kochi na simu mkononi, akiongoza harusi kama rubani.

"Ni fupi hivyo," nikasema.

Jumapili baada ya chakula tulikaa. Kwa kuwa kebo ilikuwa fupi, simu ililala pale pale kando ya skrini. Mume wangu alikaa kwenye kochi, mbali, na meza mbele ya magoti yake. Mama alivuta kiti chake karibu kabisa kwa sababu ya macho. Harusi ikaanza. Sijawahi kuona mtu akifurahi vile. Aliwataja ndugu zake mmoja mmoja, akagusa uso wa bibi harusi kwa kidole, akacheka kofia ya shangazi. Mume wangu alinitazama kama kwamba kebo ameisuka yeye.

Ndipo ujumbe ukaingia.

Ulishuka kutoka juu ya skrini, herufi kubwa kama za kibao cha duka. Uliandikwa kwa Kijaluo, lugha ambayo wakwe zangu waliamini mpaka siku ile kwamba siisikii. Ulitoka kwa shemeji wa Homa Bay. *Omera, ndugu yangu, usimlete mama Jumatano. Mwambie barabara imeharibika, au sema tunapaka rangi nyumba.*

Mume wangu aliinuka, magoti yakagonga meza, chai ikamwagika. Kabla hajaivuka, wa pili ukafika. *Ama tutumie ile njia yako, tuseme ni mke wako amechoka naye, heri arudi Karungu.*

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa nimeamka na nyimbo za Sabato mwezi mzima. Nilikuwa nimempikia samaki bila chumvi, nimemsugua mgongo, nimekula pole za majirani. Kumbe nilikuwa njia. Njia yake.

Mume wangu aliifikia simu, akataka kufuta. Kwa haraka akagusa pasipofaa. Mazungumzo yote yakafunguka, ya wiki nzima, yeye na nduguye wakisukumiana mama yao kama gunia la mahindi yenye unyevu. Alishika kebo aing'oe.

"Wacha," mama alisema. "Nasoma."

Akasoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na alipofika mwisho alivua miwani, akaifuta na leso, akanigeukia.

"Nyar Kuria, umechoka?"

"Sijachoka na wewe, mama."

"Haya." Akavaa miwani. "Rudisha harusi."

Mume wangu akairudisha. Sehemu iliyofuata, kwa huruma zake Mungu, ilikuwa hotuba ya shemeji yangu. Alisimama na maikrofoni, suti inang'aa, akatangazia Mbita yote kwamba mama yao ni nguzo, na kwamba hakuna nyumba ya mtoto wake ambayo mlango wake utafungwa mbele yake. Watu kwenye video wakapiga vigelegele. Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na mimi nikashindwa kujizuia. Mume wangu alisimama ukutani na kitambaa cha kupangusia chai. Nafikiri hakuwahi kuona picha safi namna ile maishani mwake.

Asubuhi begi la mama lilikuwa mlangoni. Mume wangu alisema angempeleka mwenyewe Jumatano. Mama akamwambia asisumbuke, ataenda na mimi, na leo.

Tulifika Homa Bay kabla ya chakula cha mchana. Shemeji alifungua lango akiwa na mswaki mdomoni.

"Mama! Mbona hamkupiga simu?"

"Simu yako ina mambo mengi," mama alisema akipita. "Barabara ni nzuri sana, wuoda. Tumeteleza tu." Kisha akaukaribia ukuta wa sebule, ukuta uliokuwa na alama za vidole vya watoto tangu nyumba ijengwe, akaupitishia kidole taratibu. "Na rangi imekauka haraka."

Shemeji alimeza dawa ya meno.

Aliyekimbia kutoka jikoni na kumkumbatia mama alikuwa mke wake. Alifurahi kweli, furaha ya kuigiza naijua, nimeolewa siku nyingi. Alituketisha jikoni penye mafuta ya samaki yanayochemka, akasema, "Mama, nilifikiri hutaki tena kuja kwetu. Niliambiwa unasema mimi nakupikia kama mgonjwa."

"Nani amesema?"

Yule mwanamke alimtazama mumewe mlangoni, na mumewe akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufunga. Hawana mbuzi.

Basi tukakaa sisi watatu, tukalinganisha. Ilibainika kwamba mimi nilikuwa nimechoka, mke wa shemeji alikuwa amesusa, na mama alikuwa mkali kwa wakamwana wote wawili, na kwamba kila mmoja wetu alipata habari hizo akiwa wa mwisho kujua. Tulikula tilapia nzima. Shemeji tulimwekea kichwa.

Mama alikaa Homa Bay. Paa la Karungu, ambalo kwa wiki nyingi lilikuwa likingoja misumari, likakamilika kwa muda mfupi wa kushangaza, kwa sababu wanawe walianza kwenda kumsimamia fundi wenyewe, kwa zamu.

Mimi nilirudi Migori siku iliyofuata. Mume wangu alikuwa amefanya utafiti: alijua sasa jinsi ya kuzima ujumbe usijitokeze kwenye skrini, akanieleza hatua kwa hatua. Nilimsikiliza hadi mwisho. Nikamwuliza kama kuna video inayoeleza jinsi ya kumwomba mke msamaha. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, akasema amekosea. Nikamwambia aseme kwa Kijaluo. Akasema. Nikamwambia aseme kwa Kikuria. Hajui Kikuria, kwa hiyo nilimfundisha, na nilichukua muda wangu, neno kwa neno, mpaka matamshi yakaniridhisha. Bado nilikuwa na hasira wiki mbili baadaye. Hilo halina lugha.

Mama aliporudi kwake nilienda kumtembelea peke yangu. Mabati mapya yaliwaka mpaka ziwani. Alinionyesha kila chumba, akalalamika kwamba mvua sasa inapiga kelele kama kwaya ya vijana. Tulipokaa nje tukichambua mboga nilimwuliza jambo lililokuwa limenikaa.

"Mama, ile siku ulicheka sana. Haikukuuma?"

Aliendelea kuchambua mboga. "Nililia. Usiku huo, kwa choo chenu. Ndiyo pahali pekee pana komeo." Akatupa shina kando. "Unazaa watoto, unawapa maziwa, halafu siku moja unasoma wanavyokuita mzigo. Lakini ningelia mbele yao wangenipa pole, nyar Kuria. Na pole yao sikuitaka."

Nikaongeza mboga kwenye sinia lake.

"Sukari umeleta?" akaniuliza. "Hapa imeisha tangu Ijumaa."