Wiki ya Udongo

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule ya misheni, mwendo wa nusu siku kutoka Njombe. Chuoni tulifundishwa kwamba si lazima hesabu ikae peke yake na jiografia peke yake. Mwalimu aweza kuchukua jambo moja, masomo yote yakapitia humo. Nikachagua udongo, kisha nikagundua kwamba siujui.

Kijijini alikuwepo mama mmoja Mkisi, aliyeolewa huku kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa. Karibu kila nyumba ilipikia vyungu vyake. Nikamwendea.

"Mimi sikusoma, mwalimu," alisema. "Nitawafundisha nini?"

"Unachokijua, mama."

Alikuja siku nne mfululizo. Aliwapeleka watoto bondeni kuchimba udongo, wakarudi wakachora ramani ya njia. Walipima chungu kinaingia vikombe vingapi vya maji, wakazidisha na kugawanya. Waliandika insha juu ya safari yake ya kupanda milima kutoka ziwani, akiwa bibi harusi. Msichana mmoja ambaye tangu Januari hakuwahi kunyosha kidole, sasa hakukishusha. Mimi niliketi nyuma, nikinakili.

Alhamisi ikaja barua: mkaguzi wa shule, Mzungu, angefika kesho yake. Nikamwambia yule mama asije.

"Kesho tuna mgeni," nilisema, basi. Ukweli ni kwamba niliona haya kwa kaniki yake, kwa miguu yake yenye udongo, na kwa Kiswahili chake kilichojaa Kikisi.

Mkaguzi alifurahi mno. Alitazama ramani, akasoma insha mbili, kisha akauliza darasa, "Kwa nini chungu hupasuka motoni?"

Yule msichana akasimama. "Maji yamebaki ndani, bwana. Mama alisema kikaushwe kivulini siku nyingi, kisiharakishwe."

"Mama yupi?"

Darasa zima likanigeukia.

"Mama yake mzazi, bwana," nilisema. "Kwao wanafinyanga. Lakini sababu ya kupasuka nimewaeleza mimi."

Mama yake mzazi alikuwa amefariki masika yaliyopita. Watoto wote walijua, nami nilikuwepo mazikoni. Msichana alinitazama kidogo, akaketi taratibu.

Mwezi uliofuata niliitwa Makambako kuwaonyesha walimu wenzangu ule ufundishaji. Mmoja akauliza wazo la vyungu nililipata wapi. Nikajibu kwamba lilinijia tu. Wakanipigia makofi.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa yule mama. Alikuwa akilainisha mdomo wa chungu, wala hakuacha.

"Kamwene, mwalimu."

"Kamwene, mama. Nimekukosea."

"Watoto wameniambia. Lakini uliyemkosea zaidi ni yule mtoto. Mimi nina kazi yangu."

Asubuhi yake nilisimama mbele ya darasa nikasema yote: nani aliwafundisha, na kwamba nilimdanganya mkaguzi kwa jina la marehemu. Nikamwomba msichana radhi. Aliitikia "Ndiyo, mwalimu," macho yakiwa kwenye ubao wake wa kuandikia. Hadi mwaka unakwisha hakunyosha kidole tena. Kwa mkaguzi nilianza barua mara mbili, zote nikazichana.

Jumamosi watoto waliendelea kwenda kwa yule mama kufinyanga, na msichana yule ndiye aliyekuwa akitangulia. Mimi sikualikwa.