Jumanne ya Mvua Uwanjani Ternant

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, Alcide Guidry alivua kiatu cha kushoto na soksi yake, akakanyaga udongo mwekundu karibu na kituo cha tatu cha wakimbiaji, akatulia hapo kama mtu anayesikiliza. Kisigino kilimwambia udongo umebeba maji kiasi gani. Alifanya hivyo kwa miaka thelathini na moja katika uwanja wa besiboli wa chuo cha Ternant, kusini mwa Louisiana, akiwa mtunza uwanja. Hata asubuhi ya harusi ya bintiye, Noelie, alipita kwanza uwanjani, akamsindikiza bibi harusi hadi altareni soksi moja ikiwa na tope.

Noelie alikulia kwenye uwanja huo. Alipomaliza masomo aliajiriwa na ofisi ya michezo ya chuo, akapewa meza iliyotazamana na nyasi za baba yake. Februari ile madaktari walimwambia Alcide kwamba kongosho lake limeharibika na Krismasi asiitegemee. Akatamani jambo moja tu: aone mechi za mchujo zikichezwa kwenye uwanja wake.

Jambo hilo halikuwahi kutokea Ternant. Timu sitini na nne za vyuo huingia kwenye mchujo, lakini vyuo kumi na sita tu huwa wenyeji, kila kimoja kikiletewa timu tatu za wageni. Kamati ndiyo huchagua. Chuo huanza kwa kuomba, na Noelie aliandika maombi hayo kwa majuma matatu: idadi ya viti, taa, vyumba vya hoteli, mpaka vyoo. Kisha kamati hutazama viwango, ambavyo hupimwa kwa ushindi wako, na zaidi kwa uzito wa wale uliocheza nao. Ukimshinda mnyonge nyumbani kwako, huongezi kitu. Akikushinda yeye, unaporomoka. Mechi iliyovunjwa na mvua haihesabiwi kabisa.

Katikati ya Mei, Ternant walikuwa wa kumi na tano. Ilibaki mechi moja ya katikati ya juma, Jumanne, dhidi ya chuo kidogo kilichokwisha kupoteza mechi thelathini na nane. Siku hiyo mvua ilianza alfajiri.

Kocha Fontenot aliingia kwenye banda la vifaa la Alcide akitiririka maji.

“Mzee, mvua hii imetushinda leo, au sio?”

“Imekushinda wewe, kocha. Mimi nayo bado hatujapambana.”

“Basi msipambane. Mpumzishe huyo mgonjwa wako wa tumboni, hilo kongosho.”

“Huyo ni mvivu. Angekuwa anajua kusukuma toroli ningeshamwajiri.”

Kocha akacheka, akamtupia jicho Noelie aliyesimama mlangoni na mwavuli, akatoka. Asingeweza kusema zaidi ya hapo. Kila mtu kwenye mchezo huo alijua desturi: msimu ukielekea ukingoni, mechi ya namna ile huachiwa mvua, na hakuna anayetoa amri.

“Baba, leo usilifunue turubai la uwanjani,” Noelie alisema.

“Wale watoto wa timu ngeni wameshafika. Wamekaa kwenye basi tangu alfajiri.”

“Watakula, watarudi kwao. Tukishinda hatupati kitu, tukishindwa tumekwisha. Niachie hii moja.”

“Niuache uwanja mchafu ili kamati ituone sisi wasafi?”

“Baba.”

Alcide akageukia vifaa vyake.

“Sawa, mama,” akasema.

Saa nane mchana mvua ilikatika. Noelie alisikia mngurumo wa mashine, akainuka mezani. Chini, baba yake na wafanyakazi watatu walikuwa wakiliviringisha turubai. Alcide akamwaga udongo mkavu, kisha akapiga magoti kwenye kilima kidogo anaposimama mrushaji, akinyonya dimbwi kwa sifongo na kulikamua ndani ya ndoo. Tangu majira ya baridi Noelie hakuwa amemwona akifanya kazi kwa nguvu namna ile. Angeweza kushuka ngazi na kumzuia. Alibaki dirishani, kiganja kwenye kioo, mpaka mwamuzi alipokuja, akapitapita juu ya udongo na kukubali mechi ichezwe.

Warushaji bora wa Ternant walikuwa wamepumzishwa kwa ajili ya mwisho wa juma. Walishindwa nne kwa tatu. Wakaporomoka hadi nafasi ya ishirini na moja, na ushindi wote uliofuata ukawapandisha hadi ya kumi na nane tu.

Jumapili jioni wenyeji walitangazwa. Nyumbani kwa Alcide kamba wa mtoni waliochemshwa kwa pilipili walikuwa wamemwagwa mezani juu ya magazeti. Majina yalipofika kumi na mawili, Alcide aliacha kumenya. Yalipofika kumi na sita bila Ternant, Ulysse, kaka yake, alisema, “Kamati yenyewe haijui hata barabara ya kuja huku.” Kesho yake walijua kwamba timu yao imepangwa ya pili kati ya nne, kwenye mji wa jimbo jingine.

Wageni walipoondoka, Alcide alimkuta binti yake akiosha masufuria.

“Ile Jumanne ndiyo iliyotutoa?”

“Hapana, Baba. Nani ajuaye wanayosema kamati mle chumbani kwao?”

Lakini Noelie alikuwa amekwisha kukokotoa. Bila Jumanne ile wangekuwa wa kumi na nne. Alcide aliitikia kwa kichwa, akafunga mfuko wa maganda, akautoa nje.

Mwezi Agosti alikuwa kitandani, amekonda, sauti yake ikimtoka kwa taabu. Noelie alikaa kando yake kila siku na uongo wake, akaona hawezi tena kuubeba.

“Baba, nilikudanganya. Ni ile Jumanne. Nilipiga hesabu. Mechi zingechezwa hapa.”

Alcide akamshika kifundo cha mkono.

“Ningeukausha uwanja ule tena,” akasema. “Ila nisingekuambia ‘sawa’ siku ile.”