Ukuta wa Makato

Mama yangu alikuwa na hasira za kubandika. Kila mwisho wa mwezi alirudi kutoka bekari ya mjini Migori, unga ungali kwenye nyusi, akakoroga uji mzito wa muhogo na kubandika karatasi yake ya mshahara kwenye ukuta wa udongo, juu ya mitungi. Majirani walibandika magazeti kuzuia vumbi. Yeye alibandika makato.

"Mwizi ajue namwona," alisema.

Karatasi za mwanzo zilikuwa na mistari miwili: kodi, na akiba ya uzeeni. Baadaye mwenye bekari, Mwislamu mpole wa kutoka Pwani, alinunua vijitabu vipya vya karatasi hizo, vyenye mstari mmoja tu wa makato, akajumlisha yote mawili humo. Kwa Mama, tangu mwanzo, kila senti iliyokatwa ni ya serikali, na serikali ni fisi. Mimi, mwalimu mzima, nilikuja likizo nikalala chini ya ukuta huo na sikumweleza kitu. Aibu yangu hiyo.

Kisha bekari ikafungwa, mwenyewe akarudi kwao. Miguu ya Mama ilikuwa imevimba kwa kusimama mbele ya tanuri miaka nenda miaka rudi, na kazi iliyobaki ilikuwa kuchuuza omena, dagaa wa ziwani, boma kwa boma. Ndipo nilipomwambia kwamba ndani ya yale makato mlikuwa na akiba yake.

Akanicheka. "Fisi akuwekee nyama?"

Nilimvuta hadi ofisi ya akiba ya uzeeni, Homa Bay. Afisa alipekua faili, akapata akiba ya miaka ya mwanzo tu; ya baadaye ilikuwa imechanganywa na kodi. "Mama, lete karatasi za mshahara. Bila hizo sina la kufanya."

Tulijaribu kuzibandua. Wapi! Uji wa muhogo si mchezo. Karatasi zilichanika, tarakimu zikabaki ukutani. Mama akachukua panga.

Mke mwenzake alipiga kelele kutoka uani: "Nyieka, mke mwenzangu! Ukuta hutobolewa kwa msiba! Unamwita nani?"

"Namwita fisi alete nyama," akajibu, akakata.

Vile vipande vya ukuta alivipanga kwenye trei kuukuu ya mikate, akajitwika. Ofisini aliitua juu ya meza ya afisa, vumbi likamwagikia faili zake.

"Hii ni nini, mama?"

"Mshahara wangu, mwanangu."

Nilidhani afisa atatufukuza. Alitoa leso, akapangusa kipande cha kwanza polepole, kisha cha pili. Wenzake waliacha meza zao wakaja kuangalia. Hakuna aliyecheka. Mwezi baada ya mwezi, hakuna hata mmoja uliorukwa, na nyasi za udongo zimechomoza nyuma ya karatasi. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi, lakini sijawahi kuona kitu kama kile, na kilikuwa kimeandikwa na mtu asiyejua kusoma.

Kwa kufuata zile karatasi za mistari miwili, afisa alianza kutenganisha zile za mstari mmoja. Aliweka kidole. "Hii kodi, imekwenda. Hii yako. Hii kodi. Hii yako."

"Yangu?" Mama aliuliza. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa kwanza, mama."

Mama alikaa chini, palepale sakafuni.

Nenda rudi ilituchukua miezi. Siku pesa zilipotoka nilingoja apige vigelegele, lakini hakupiga. Aliingia nyumbani na kusimama mbele ya lile tundu, mwanga wa alasiri ukimpiga usoni, kuku wakimchungulia kutoka nje. Akavua kitambaa kichwani.

"Nisamehe," akasema.

"Unaongea na nani, Mama?"

"Na pesa yangu. Nimeitukana miaka yote hiyo."