Wanakondoo Kumi na Mmoja wa Bergljót

Watu wa bonde letu wakitaka kumsifu Bergljót wa Hvammur huanza na ile dhoruba ya Februari iliyong'oa paa la banda lake, akakaa siku nne katikati ya kondoo mia na arobaini ili wapate joto, au yeye apate, maana hatujui nani alimsaidia nani. Mimi sianzi huko. Dhoruba haikuulizi kama unataka kuwa shujaa, inakuja tu, nawe unafanya unachoweza. Mimi naanza na siku ya kuchambua kondoo, kila mtu akitafuta wake, saa nane mchana, watu mia mbili wanatazama, nami nimesimama na upawa mkononi. Siku hiyo angeweza kunyamaza tu, na hakuna ambaye angejua.

Naitwa Oddný. Shamba langu na la Bergljót yanatenganishwa na mto. Tumekuwa majirani miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hajakubali hata siku moja kwamba supu yangu ya nyama inaishinda yake. Nalisema hili mapema mjue simsifu kwa kujipendekeza.

Alirithi shamba la Hvammur akiwa na miaka ishirini na miwili, mfupi, mabega kama ya mpiga mieleka, na bonde zima lilimpa majira mawili ya baridi kabla hajakimbilia mjini. Hakukimbia. Wala hakuolewa. Alisema wanaume waliokuja kumposa walijua kazi moja tu, kusimama mlangoni na kuzuia mwanga. Alipofika miaka arobaini tukamfanya malkia wa mlima, yaani yeye ndiye anayetuongoza kila Septemba tunapopanda farasi siku tano kwenda nyanda za juu kuwateremsha kondoo walioshinda huko kiangazi kizima. Kule neno lake ndilo la mwisho. Hata padri wetu, akishakuwa juu ya farasi, humtii na kufunga mdomo.

Sasa, habari ya macho. Niliijua kabla ya wengine kwa sababu nilimkuta jikoni kwake akimimina kahawa kando ya kikombe.

"Umeanza kuinywesha meza?" nikamuuliza.

"Nyamaza, Oddný."

"Kikombe kiko pale pale kinapokaa siku zote."

"Unakiona wewe," akasema.

Akakaa, akanieleza. Daktari wa mji wa Akureyri alimwambia macho yake yanajifunga kuanzia pembeni, polepole, na hakuna dawa. Baada ya miaka michache atabaki na kitundu katikati, baadaye hata hicho kitaziba. Akaniapisha nisimwambie mtu, hasa kaka yake Sighvatur, anayepiga simu kutoka Reykjavík kila Jumapili kumsihi auze shamba ahamie kwenye nyumba ya ghorofa yenye lifti.

"Wakijua, mwezi huo huo watanivua mlima," alisema. "Mwaka unaofuata watanitoa hapa. Na watanitoa kwa upole, shoga yangu. Watakuja na keki."

"Afadhali keki kuliko matusi."

"Matusi nayaweza," akasema. Nikafuta meza, na siri tukaibeba wawili kwa karibu miaka miwili.

Upande wake wa pili, kwenye shamba la Brekka, anaishi Ketill. Hawa wawili walikuwa wamegombana kwa ajili ya uzio miaka kumi na tisa. Walikuwa hawasalimiani ila kanisani, na hata huko kwa kidevu tu. Mbaya zaidi, alama wanazowakata kondoo wao masikioni, ili wajulikane ni wa nani, zinafanana. Kondoo wa Bergljót hukatwa ncha ya sikio la kulia, na la kushoto hutiwa pengo kwa nyuma. Wa Ketill ni kinyume chake, pengo kulia, ncha kushoto. Babu zao waliogawana alama hizo walikuwa ndugu, na nahisi walifanya makusudi ili watuachie kichekesho.

Basi ikafika ile Septemba. Tuliteremsha kondoo salama, Bergljót akiwa mbele, na mchana wa siku ya kuchambua tukawa kwenye zizi kubwa la mawe. Mnawakamata katikati, mnasoma masikio, kila mtu anamburuta wake hadi kwenye kizizi chake pembeni. Bergljót hakuwa akitazama masikio, aliyapapasa tu kwa vidole na kupita, haraka kuliko sisi wenye macho. Vijana wakasema bibi anajionyesha. Mimi nikaendelea kukoroga supu.

Kwa kawaida saa nane kelele hupungua. Mama na mwanawe wameshakutana kizizini, wametulia. Mwaka ule kelele ilizidi, na yote ilikuwa sehemu moja. Kwenye kizizi cha Bergljót majike wamebanana ukutani wanalia, na ng'ambo ya ukuta, kwa Ketill, wanakondoo kumi na mmoja wanawajibu. Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja. Mtu aliyekuwa akiimba akaacha.

Kwetu ukilewa kanisani utasamehewa kabla ya Krismasi. Lakini ukimtia alama yako mwanakondoo wa jirani, wajukuu zako wataitwa wajukuu wa mwizi. Na pale kila mtu aliona alama ya nani ilikuwa kwenye masikio ya wanakondoo wa nani.

Eyvindur, mzee wetu anayetunza kitabu cha alama, akaingia kizizini kwa Ketill, akakagua wawili watatu.

"Ketill, hawa ni wako?"

"Alama ni yangu," Ketill akasema. Uso wake ulikuwa umeishiwa damu.

"Lakini mama zao wako kule."

"Nasikia, bwana. Sina la kusema. Sijui wamefikaje."

"Amechoka kusogeza uzio," mtu akasema nyuma yangu. "Sasa anasogeza kondoo."

Wachache wakacheka, na hakikuwa kicheko kizuri. Ketill alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Ni mtu wa miaka sitini na minne huyo, mkali kama siki, na nilimwona anatafuta pa kuweka mikono.

Nikamtazama Bergljót. Hakuwa na haja ya kusema uongo wowote. Angesimama tu, na wanakondoo wangerudishwa kwake, adui yake angeaibishwa milele, na macho yake yangebaki kuwa siri. Nitasema ukweli, maana nimezeeka mno, siogopi tena: nilitamani anyamaze. Nilimwomba Mungu anyamaze, na sioni fahari nikisema hivyo.

Yeye akaruka ukuta, akaingia kwa Ketill. Akamshika mwanakondoo, akampapasa masikio. Akamshika wa pili. Wa tatu akamgeuza, uso kwa uso naye, akagusa sikio moja, halafu jingine, na hapo vidole vikasimama. Nikajua amejua.

"Ketill hajawagusa hawa," akasema. "Nimewakata mimi."

Eyvindur akapanua macho. "Wewe? Kwa alama ya jirani?"

"Kulikuwa na mvua ile wiki ya mwisho ya Mei, mnakumbuka. Banda lilikuwa na kiza. Nikawa nawaleta mlangoni kwenye mwanga, nikawageuza wanitazame, kwa sababu siku hizi nisipoweka pua kwenye sikio sioni ninachokata. Kulia kukawa kushoto. Mchana jua likatoka, nikaendelea kuwakata wengine kama siku zote. Sikujua mpaka sasa hivi."

"Lakini mtu anambana mwanakondoo magotini, mnatazama upande mmoja," mwanamke mmoja akasema. "Hata mtoto wa miaka mitano..."

"Hata mtoto wa miaka mitano anajua. Najua." Akanyooka. "Macho yangu yanakufa, Eyvindur. Mwaka wa pili huu. Niliwaficha kwa sababu nilitaka mlima na nilitaka shamba langu. Bado nayataka. Lakini siwezi kumwacha huyu aitwe mwizi ili mimi nibaki na siri."

Kisha likaja lile alilokuwa akiliogopa. Eyvindur akavua kofia, akalainisha sauti kama yuko msibani.

"Bergljót wangu," akasema, "pole sana. Wiki ijayo kuna safari ya pili, ya kuwatafuta waliobaki. Nadhani wewe upumzike, tutapata mtu mwingine. Umetufanyia mengi."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Keki ile nusura niinuse. Bergljót alisimama amebana taya.

"Mtu gani?" Ketill akauliza.

Eyvindur akageuka. "Tutaona."

"Mwaka ule wa ukungu tulikuwa watu kumi na wanne kule juu. Sikuweza kuona masikio ya farasi niliyempanda. Nani kati yenu aliona kitu? Wewe, Eyvindur, ulikuwa unalia."

"Nilikuwa na mafua."

"Ulikuwa unalia, ukasikika. Huyu alitushusha kwa kusikiliza mto. Macho alitumia wapi? Alipojenga uzio alikuwa nayo mawili, mazima kabisa, na bado aliuweka mita mbili ndani ya ardhi yangu."

"Mita moja na nusu," Bergljót akasema.

Hapo watu wakacheka vizuri, na hewa ikarudi zizini. Eyvindur akavaa kofia yake. Akasema sawa, ila hawezi kumruhusu apande peke yake, nani atakuwa ubavuni kwake?

"Mimi," Ketill akasema. "Na msinielewe vibaya. Nataka nihakikishe hasogezi mpaka mwingine."

Wakapanda wote wawili wiki iliyofuata, wakagombana siku tatu mfululizo, wakarudi na kondoo ishirini na sita na mbuzi mmoja ambaye hadi leo hajulikani alitoka wapi.

Mnadhani mambo yaliishia hapo. Hamwajui. Kwa sheria yetu alama ndiyo mwenye mali, kwa hiyo wanakondoo wale kumi na mmoja walikuwa wa Ketill. Jioni ile ile ya kuchambua Ketill akawaswaga hadi kwenye geti la Hvammur, akawaacha. Asubuhi Bergljót akawaswaga kurudi Brekka. Alasiri nawaona tena kutoka dirishani kwangu, ng'ambo ya mto. Siku ya nne nikatoka na aproni yangu, nikavuka mto, nikasimama katikati ya barabara, nikawaita wote wawili kwa majina ya baba zao, nikawaambia wao ni wajinga na maziwa ya majike yanakauka. Wakaniangalia kama mimi ndiye mwenye matatizo. Lakini wakakubaliana: wanakondoo wakae kwa mama zao, Hvammur, na alama ibaki ilivyo, kwa kuwa sikio likishakatwa haliji jingine. Madume wakaenda wanakoenda madume kila vuli. Majike saba kati yao wakabaki Hvammur, na alama ya Ketill masikioni.

Jumapili ya wiki ile Bergljót hakungoja simu ya kaka yake, akapiga yeye. Nilikuwepo. "Sighvatur, naelekea kuwa kipofu," alimwambia. "La. La, siuzi. Ukija na keki, uje na viatu vya bandani pia." Na kaka akaja, na viatu, na sasa huja kila Mei kondoo wanapozaa. Yeye humbana mwanakondoo, dada mtu hupapasa sikio kabla kisu hakijagusa.

Alituongoza mlimani vuli tatu zaidi. Ya nne akaja kwangu mwenyewe, akasema farasi wake naye haoni vizuri, na vipofu wawili kwenye mlima mmoja ni wengi. Alilia kidogo, nami nikalia zaidi yake, kisha akasema supu yangu imezidi chumvi.

Siku hizi ana kazi yake langoni. Anaketi juu ya kreti la maziwa mbele ya kizizi chake, watu wanamletea kondoo wenye alama za kubishaniwa, anapapasa, anataja jina. Hajakosea. Septemba iliyopita nilikuwa nimesimama kando yake na bakuli. Ketill akaja akiburuta jike mzee kwa pembe, akamsimamisha mbele yake.

Bergljót akapapasa sikio la kulia, akapapasa la kushoto, akarudia la kulia na kukawia hapo.

"Wa Ketill," akasema.

Akanyoosha mkono nyuma, akafungua geti lake mwenyewe, akamsukuma jike yule ndani. Ketill hakubisha, alilifunga geti na kwenda kuleta mwingine wa wale saba.