Neno Moja la Kiairishi

Jumamosi iliyopita nilipigiwa simu kutoka nyumba ya masista wazee kule Madale. Sista wetu, mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa jirani yetu Temeke nilipokuwa mdogo, alikuwa amesahau Kiswahili, na Kiingereza pia. Ilibaki lugha ya kwao, Kiairishi, na wenzake wa kwao wote walishatangulia. Waliniita mimi kwa sababu kila sherehe yao nilikuwa najitapa kwamba nakijua.

Najua neno moja tu, rafiki yangu.

Enzi zile za utoto, jioni Sista alikuwa akija uani kwetu kumsaidia bibi yangu kuchambua mchele. Mawe yakitupwa, kuku wanayakimbilia wakidhani ni punje, naye anatufundisha sisi watoto maith, yaani -ema. Mwanamume ni maith. Mwanamke ni mhaith, na hapo mdomo unabana kama unapoza chai, inatoka “wa”. Watu wengi ni maithe. Kilicho bora zaidi ni fearr, neno lisilofanana kabisa na ndugu zake. Chakula kitamu, maith. Ukiulizwa hali, go maith. Hata kusamehe ni maith. Tulimwita bibi mhaith mpaka akatuongezea ukoko wa wali. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, alisema.

Tulikuwa na pupa ya sifa. Hakuna aliyemuuliza Sista kwao maji yanaitwaje, au maumivu, au mama.

Nilimkuta kitandani, amekonda. Nikamwamkia shikamoo, hakuitika. Akasema sentensi ndefu, mwisho wake ukapanda kama swali. Sista kijana anayemhudumia akaniuliza, “Dada, anasemaje? Tangu jana ni hiyo hiyo tu.”

Nikamwambia sijui. Mgonjwa akarudia, polepole, akinikazia macho. Niliona aibu, nikampa nilichokuwa nacho.

“Maith, Sista. Maith.”

Uso ukamng’aa. Akadhani amepata mtu wa kwao. Akaanza kunieleza, haraka haraka, machozi yanamtoka, anacheka kidogo, analia tena, karibu saa nzima. Nilimshika mkono nikaitikia kwa kichwa. Sikuambulia kitu.

Alifariki Jumanne. Bibi hayupo siku nyingi, na uani kwetu pamejengwa fremu za maduka. Masista wananiuliza alikuwa anataka nini. Aliniambia yote, mimi peke yangu, na sina hata neno la kuwapelekea.